Shada la Harusi kutoka Bustani ya Kyela: Kupanda, Kuvuna na Kufunga

Shada la bi harusi linalotokana na maua ya bustani huanza kutengenezwa wiki 8 hadi 14 kabla ya harusi, siku mbegu zinapowekwa kitaluni. Kazi ya kufunga huchukua saa moja au mbili tu. Kinachoamua kama shada litafika ukumbini likiwa hai ni mambo matatu yanayotangulia: aina iliyopandwa, saa ya kuvuna, na maji ambayo ua limekunywa kabla ya kufungwa.

Wilayani Kyela mambo haya yana uzito zaidi kuliko sehemu nyingi za mkoa wa Mbeya. Uso wa Ziwa Nyasa uko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, na bonde lote la Kyela, kuanzia Kasumulu hadi Ipinda na Matema, ni la joto na unyevu. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Songwe, Kiwira, Lufilyo na Mbaka hujaa mwezi Machi na Aprili. Ua linalodumu siku saba ndani ya chombo Mbeya mjini linaweza kulegea siku ya pili Kyela.

Hii ndiyo sababu ya kutumia maua yaliyozoea bonde. Mawaridi ya biashara ya Tanzania hulimwa zaidi Arusha na Kilimanjaro, na hadi yafike Kyela yamesafiri zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Maua ya plastiki na ya kitambaa hayanyauki, lakini hayana harufu, na mara nyingi ni ya kukodi: shada moja hupita katika picha za harusi nyingi. Ua la bustani ni la bi harusi mmoja, huvunwa na ndugu na jirani, na gharama yake kubwa ni mpango mzuri.

Kalenda ya maua ya bonde

Tarehe ya harusi ndiyo inayochagua maua. Kamati inayoamua rangi kwanza na kutafuta maua baadaye huishia kununua ya plastiki.

- Juni hadi Agosti. Mvua zimekwisha, mpunga umevunwa, joto limepungua, na harusi ni nyingi. Huu ndio msimu bora wa zinia, kosmosi, selosia, marigodi na alizeti, mradi yamwagiliwe. Upepo wa kusi huvuma kutoka ziwani, hivyo maua marefu huhitaji vijiti vya kuegemea.
- Septemba na Oktoba. Jua ni kali na ardhi ni kavu. Bogenvilia huwa katika ubora wake. Gomfrena na marigodi huvumilia. Maji ya asubuhi na jioni ni ya lazima.
- Novemba na Desemba. Mvua zinaanza na joto ni kubwa. Mikrismasi huwaka nyekundu barabarani, lakini maua yake hulegea upesi yakikatwa. Yanafaa kupamba mlango wa kanisa kwa saa chache, si shada. Gomfrena, selosia na mrehani ndizo tegemeo.
- Januari hadi Mei. Maua laini hupigwa na mvua na kushika ukungu. Msimu huu ni wa helikonia, tangawizi ya maua mekundu, kana na majani mapana, ambayo hunenepa kwa maji.

Haidranjia, yungiyungi jeupe la bustani za baridi na mawaridi makubwa hustawi Tukuyu, iliyo takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Familia yenye ndugu huko inaweza kuyaagiza yakatwe Ijumaa alfajiri na kuteremshwa siku hiyohiyo yakiwa ndani ya ndoo ya maji. Yafanywe nyongeza tu, kwa kuwa joto la bonde huyachosha kabla ya jioni ya sherehe.

> ONYO: MAUA YA PORINI
> Maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, hayachumwi. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya kulinda mimea yake, na kuondoa mmea hifadhini ni kosa la jinai. Okidi za porini nje ya hifadhi nazo ziachwe: hukua polepole, na tayari zinachimbwa sana kwa ajili ya viazi vyake vinavyoliwa.

Sehemu nne za shada

Shada lenye mpangilio hujengwa kwa makundi manne. Kundi moja likikosekana, shada huonekana kama tita la maua yaliyokusanywa.

1. Maua makuu, 5 hadi 7: makubwa, ya kuvuta jicho. Mfano: zinia kubwa, alizeti ndogo, selosia yenye mikunjo, waridi.
2. Maua ya kati, 10 hadi 12: zinia ndogo, marigodi, kosmosi, selosia ya manyoya.
3. Maua ya kujazia, 10 hadi 15: gomfrena, mrehani uliochanua, vijitawi vya bogenvilia.
4. Majani, 8 hadi 10: kangaga, asparagasi, krotoni, vipande vya jani la mchikichi.

Majani lazima yawe yamekomaa. Majani machanga mekundu ya mkakao yanapendeza yakiwa mtini, lakini hulegea mara yanapokatwa. Jani linalofaa hurudi mahali pake likikunjwa kidogo kwa kidole.

Kwa rangi, mbili na kijani zinatosha. Ikiwa kamati imechagua rangi ambayo bustani haina, kama bluu, rangi hiyo ibebwe na utepe wa mkononi, na maua yawe meupe au ya malai.

Harufu nayo ni sehemu ya shada. Pwani, kikuba cha asumini na mrehani kimepamba mabibi harusi kwa vizazi vingi, na asumini na mrehani huota vizuri Kyela pia. Matumba ya asumini huchumwa jioni kabla hayajafunguka, hutungwa kwa uzi, na uzi huo huzungushwa kwenye shina la shada. Yafungwe mwisho, kwa sababu hubadilika rangi haraka. Marigodi ina harufu kali. Bi harusi ainuse kwanza kabla haijapandwa.

Kupanda kwa kuhesabu nyuma

Muda wa kutoka mbegu hadi ua hutofautiana kwa aina. Makadirio ya kufanyia kazi ni haya:

- Alizeti ya maua: wiki 8 hadi 10
- Zinia na kosmosi: wiki 8 hadi 10
- Marigodi ndefu: wiki 10 hadi 12
- Selosia na gomfrena: wiki 12 hadi 14

Helikonia, tangawizi ya maua, bogenvilia na asumini ni mimea ya miaka. Hupandwa mapema au huombwa kwa jirani.

Hatua za kupanda:

1. Andika tarehe ya harusi, kisha hesabu nyuma wiki za kila aina. Kwa harusi ya katikati ya Julai, selosia husiwa mwanzoni mwa Aprili na zinia mwanzoni mwa Mei.
2. Sia kila aina mara mbili, mara ya pili baada ya siku 10. Awamu moja ikiharibiwa na mvua au wadudu, nyingine itaokoa.
3. Inua tuta angalau sentimita 30. Mwezi Aprili na Mei maji ya bonde bado yako juu, na mizizi ya zinia huoza ikikaa majini.
4. Changanya samadi iliyooza vizuri. Mbolea nyingi ya kukuzia huleta majani mengi na vikonyo laini.
5. Panda miche kwa nafasi ya sentimita 30. Tuta la mita 1.2 kwa mita 5 hubeba miche zaidi ya 60.
6. Zinia na kosmosi zikifika sentimita 25, kata ncha ya juu. Mmea hutoa matawi marefu ya kukatwa badala ya ua moja. Selosia yenye mikunjo haikatwi ncha.
7. Mwagilia chini, kwenye udongo. Maji juu ya majani huleta unga mweupe wa ukungu kwenye zinia.

Hesabu ya kutosha: shada la bi harusi hula vikonyo 40, la mpambe mmoja 20, na ua la kifuani kikonyo kimoja au viwili. Harusi yenye wapambe wanne na maua 10 ya kifuani huhitaji takribani vikonyo 130 hadi 140. Panda kwa lengo la 200. Siku moja ya mavuno, mche mmoja wa zinia uhesabiwe kutoa vikonyo viwili au vitatu tu vinavyofaa.

Kuvuna

Ua hukatwa alfajiri, kabla jua halijagusa bustani, kwa sababu usiku mmea hujaza maji uliyoyapoteza mchana. Kikonyo cha saa sita mchana kimekwisha kukauka kwa ndani hata kama petali bado zimesimama. Jioni baada ya jua kuzama ni chaguo la pili. Maua yaliyolowa mvua yaachwe yakauke kwanza.

Kila aina ina hatua yake ya kukatwa:

- Zinia hupimwa kwa mkono. Shika kikonyo sentimita 20 chini ya ua na ukitikise. Kikibaki kimenyooka, kata. Kichwa kikiyumba, subiri siku mbili au tatu. Zinia iliyokatwa kabla ya kukomaa huinamisha kichwa na hainyanyuki tena, hata ikipewa maji.
- Alizeti hukatwa petali za kwanza zinapoanza kuinuka.
- Kosmosi hukatwa petali zikiwa ndiyo kwanza zinafunguka.
- Selosia na gomfrena hukatwa zikiwa zimejaa rangi na kikonyo kigumu.
- Waridi hukatwa petali za nje zinapoanza kulegea. Tumba lililofumba kabisa linaweza lisifunguke.
- Helikonia na tangawizi hukatwa zikiwa zimefunguka kiasi kinachotakiwa, kwa kuwa haziendelei kufunguka baada ya kukatwa.

Tumia mkasi au kisu kikali kilichooshwa. Kata kwa mshazari, urefu wa sentimita 35 hadi 40, na tumbukiza kikonyo kwenye ndoo ya maji palepale. Ndoo ifuate mkataji bustanini.

Kunywesha maji

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu mashada mengi. Maua yaliyokatwa hukaa ndani ya maji kivulini kwa saa zisizopungua sita, na vizuri zaidi usiku mzima.

1. Osha ndoo kwa sabuni kama chombo cha kulia. Bakteria wa ndoo chafu huziba mishipa ya kikonyo.
2. Ondoa majani yote yatakayozama ndani ya maji.
3. Tayarisha maji ya lishe: lita 1 ya maji safi, kijiko 1 kikubwa cha sukari, vijiko 2 vikubwa vya maji ya limau, na robo ya kijiko cha chai cha jiki.
4. Kata tena ncha, sentimita 2, kisha zamisha vikonyo kwa kina cha sentimita 15.
5. Vikonyo vya mti, kama bogenvilia, pasua ncha zake kwa kisu. Kuponda kwa nyundo huviziba.
6. Vikonyo vyenye utomvu mweupe, chovya ncha kwenye maji ya moto kwa sekunde 20 hadi 30 ili utomvu ugande, kisha vipe ndoo yao peke yao.
7. Helikonia na tangawizi, zamisha kichwa kizima ndani ya maji kwa dakika chache. Sisimizi waliojificha kati ya magamba hutoka. Wasipotolewa hapo watatokea kwenye gauni.

> ONYO: JIKI NA LIMAU
> Jiki na maji ya limau visichanganywe vikiwa vikali. Hutoa hewa ya sumu. Kimoja kimiminwe ndani ya maji na kukorogwa, ndipo cha pili kifuate.

Chumba cha kuhifadhia kiwe na kivuli, hewa na sakafu ya saruji. Mitungi ya Wakisi, inayouzwa soko la Lyulilo karibu na Matema, hufaa sana: maji hupenya polepole kwenye udongo wake na kuvukizwa, na ndani hubaki baridi. Mtungi uwe mpya au uliotumika kwa maji tu. Friji ya soda si mahali pa zinia, helikonia wala tangawizi. Baridi kali huzitia madoa meusi.

Maua yasikae chumba kimoja na mikungu ya ndizi mbivu, maembe au mapapai. Matunda yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, inayoharakisha ua kuzeeka na kupukutisha petali. Moshi wa jiko una gesi hiyohiyo. Katika nyumba ya harusi, ambako stoo imejaa ndizi na nyuma kunapikwa pilau, chumba cha maua kitengwe mapema na ufunguo apewe mtu mmoja.

Kufunga shada la bi harusi

Shada la mduara lenye upana wa sentimita 25 hadi 30 hutosha, na lisizidi kilo moja na nusu, kwani litashikwa kwa saa nyingi. Mtindo wa vikonyo vya kuzunguka hauhitaji waya wala sponji.

1. Panga vikonyo mezani kwa makundi manne. Ondoa majani kwenye nusu ya chini.
2. Shika ua kuu moja kwa mkono wa kushoto, wima, kati ya dole gumba na kidole cha shahada.
3. Weka kikonyo cha pili kwa mshazari juu ya cha kwanza, ncha ikielekea kushoto. Kila kinachofuata kilale upande huohuo, bila kubadilisha.
4. Zungusha shada kidogo baada ya kila vikonyo vitatu au vinne. Vikonyo vitajipanga kwa msokoto, na kila ua litapata nafasi.
5. Tawanya maua makuu kwa kimo kinachotofautiana kidogo, yasiwe katika mstari wala mduara kamili.
6. Ingiza ya kujazia kati yake, kisha zungushia majani ukingoni.
7. Tazama shada kwenye kioo, kwa kuwa bi harusi ataonekana kutoka mbele. Jaza pengo sasa, kabla ya kufunga.
8. Funga mahali pamoja tu, pale vikonyo vinapokutana, kwa ukindu au kamba ya mgomba iliyokauka kabisa. Kaza bila kukata vikonyo.
9. Kata ncha zote ziwe sawa, zikibaki sentimita 15 chini ya fundo. Shada lililosokotwa vizuri husimama lenyewe mezani.
10. Lirudishe kwenye maji. Utepe au kipande cha kitenge hufungwa saa ya kutoka nyumbani, vikonyo vikiwa vimefutwa vikakauka.

Kwa wapambe, shada liwe la sentimita 15 hadi 20, lenye ua kuu moja au mawili. Kwa ua la kifuani, gomfrena tatu na kijitawi cha mrehani hushinda waridi kwa Kyela: hustahimili jasho na kukumbatiwa.

> ONYO: MADOA NA SUMU
> - Utomvu wa mgomba mbichi huacha doa la kahawia lisilotoka kwenye nguo nyeupe. Jani bichi la mgomba lipambe meza, si shada.
> - Chavua ya mayungiyungi hutia doa la njano. Ng'oa vijiti vya chavua ua linapofunguka.
> - Alamanda na oleanda zina sumu, na utomvu wa mnyaa huunguza macho. Zisiwekwe kwenye shada, kwenye keki wala karibu na chakula cha watoto.

Ratiba ya siku tatu, kwa harusi ya Jumamosi

- Alhamisi jioni: osha ndoo, kata majani ya kupambia, yanyweshe maji.
- Ijumaa alfajiri: vuna maua yote makuu, ya kati na ya kujazia. Yakae majini hadi alasiri.
- Ijumaa saa kumi jioni: funga mashada, yarudishe majini. Chuma na tunga asumini.
- Jumamosi asubuhi: toa ua lolote lililolegea na weka la akiba, tengeneza maua ya kifuani, zungushia asumini.
- Saa ya kutoka: kausha vikonyo, funga utepe, mkabidhi mpambe mkuu.

Safari huharibu kazi nzuri. Shada lililoshikwa mkononi juu ya bodaboda hupigwa na upepo na vumbi. Kutoka Matema hadi Kyela mjini halitafaa. Lisafiri ndani ya gari au bajaji, likiwa kwenye ndoo yenye maji ya sentimita 10, na kanga yenye unyevu ifunike ndoo bila kugusa petali. Lisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa ibada. Ukumbini, chombo cha maji kiwe kimewekwa kwenye meza kuu, na mpambe alitumbukize shada kila bi harusi anapokaa.

Makosa ya kawaida na tiba yake

- *Vichwa vimeinama saa chache baada ya kukatwa.* Zinia ilikatwa kabla ya kukomaa, au ilikatwa mchana. Haitengenezeki, tumia akiba.
- *Waridi limelegea lakini ni bichi.* Hewa imeingia kwenye kikonyo. Kata sentimita 3 ndani ya maji, kisha tumbukiza kwenye maji ya vuguvugu kwa saa moja.
- *Bogenvilia imenyauka.* Haikunyweshwa, au ilibaki na majani mengi. Wakati ujao ondoa karibu majani yote, uache rangi tu.
- *Shada limebana na halina umbo.* Vikonyo vilichanganya mielekeo. Fungua, anza tena na msokoto mmoja.
- *Petali zinapukutika.* Kagua chumba: kuna ndizi mbivu au moshi.

Orodha ya kukagua

☐ Tarehe imethibitishwa kabla ya kusia mbegu
☐ Vikonyo 200 vimepangwa, pamoja na akiba
☐ Awamu mbili za kusia zimefanyika
☐ Ndoo, mkasi, ukindu, utepe na kioo vipo
☐ Chumba cha maua kiko mbali na ndizi na jiko
☐ Mtu mmoja ametajwa kuwa msimamizi wa maua
☐ Usafiri wa shada umetengwa
☐ Chombo cha maji kipo meza kuu

Baada ya harusi

Gomfrena na selosia zinaweza kutunzwa kwa miaka zikining'inizwa kichwa chini, mahali pakavu penye giza, kwa wiki mbili hadi tatu. Zinia, alizeti na kosmosi hazikauki kwa uzuri huo.

Miche iliyobaki bustanini iachwe ikomae mbegu. Vichwa vya zinia na marigodi huchumwa vikiwa vimekauka na kuwa vya kahawia, mbegu huanikwa kivulini kwa wiki moja, kisha hufungwa kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa aina, rangi na tarehe. Mbegu za chotara zilizonunuliwa dukani hazitarudisha ua lilelile. Zilizotoka kwenye mbegu za kienyeji za jirani hurudisha kwa kiasi kikubwa. Kwa unyevu wa Kyela, bahasha hizo ziwekwe ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, pamoja na kijiko cha mchele uliokaangwa bila mafuta ukapoa, ambao hunyonya unyevu. Zitunzwe hivyo hadi msimu ujao wa kusia.